Waliobaki Kilindini

Neno kilindi lina maana mbili katika nchi ya Handeni. Katika Kiswahili cha pwani kilindi ni mahali pa maji marefu, pasipofika nanga wala mkono wa mpiga mbizi. Katika vilima vya Nguu, vilivyokuwa sehemu ya Wilaya ya Handeni mpaka Wilaya ya Kilindi ilipoundwa mwaka 2002, Kilindi ni jina la nchi kavu, nchi ya asili ya Wakilindi, ukoo wa Mbega uliotawala Usambara. Mtu wa Handeni akisikia jina hilo huona milima na mashamba ya mahindi. Mtu wa Mombasa akitaja Kilindini huona gati, winchi na meli. Haikutazamiwa kwamba majina haya mawili yangepata jambo la kuyakutanisha. Lakini Vita Kuu ya Pili iliyakutanisha, na mkutano wao ukawa wa msiba.

Habari yenyewe ina watu wa namna mbili. Mmoja ni afisa wa manowari ya Kiingereza, Luteni Anthony Fasson, aliyezama mwaka 1942 akiwa ndani ya nyambizi ya adui, naye ni maarufu leo katika vitabu vya vita. Wengine ni askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliozamishwa na nyambizi mwaka 1944, karibu wote kwa siku moja, na ambao hawatajwi sana hata nyumbani kwao. Kiungo kati yao ni meli moja, manowari Petard. Kuzitazama habari hizi mbili pamoja ni kuuliza swali ambalo kila ukoo huuliza unapompoteza mtu mbali: aliyekufa pasipo kaburi hukumbukwa kwa kitu gani?

Handeni na Korogwe si nchi za bahari. Korogwe iko kando ya mto Ruvu, ambao ukiteremka chini huitwa Pangani, yapata kilomita 100 kutoka Tanga. Handeni iko ndani zaidi, katika nyika za Uzigua. Lakini vita vya baharini vilizifikia nchi hizi mapema. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamizwa katika delta ya Rufiji. Mizinga yake ikang'olewa, ikafungwa magurudumu na kupelekwa bara, na mabaharia wake wakageuka askari wa miguu. Wajerumani walitengeneza njia ya vigari vya reli kutoka Mombo hadi Handeni kwa kuchukua vyakula na risasi. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kwa kufuata mto, yakaingia Korogwe, kisha Handeni, na Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Lukigura.

Waliobeba mzigo wa vita ile ni wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yake wanaokadiriwa kufa ni karibu laki moja, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu, si kwa risasi. Hawakuandikiwa makaburi. Kilichosalia kwao ni jina la mtaa: Kariakoo, neno lililotoka katika jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi. Maelfu kwa maelfu ya watu hupita Kariakoo ya Dar es Salaam kila siku kununua vitambaa na nyanya, na ni wachache wakumbukao kwamba hutamka jina la wafu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katika mji huo mwaka 1927 humwonyesha mwenye bunduki, na mwenye mzigo kichwani amebaki katika jina la soko.

Vita Kuu ya Pili ilizifikia wilaya hizi kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa mkonge. Mmea huu uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa imesalimika katika safari, ukastawi katika bonde la Pangani hata Korogwe ikazungukwa na mashamba yake. Mwaka 1942 Wajapani walipozitwaa Ufilipino na visiwa vya Indonesia, mataifa yaliyopigana nao yalikosa katani ya kule, na mkonge wa Tanganyika ukawa wa lazima, kwa sababu pasipo kamba hakuna meli ifungwayo gatini. Serikali ya kikoloni ilitumia sheria ya kazi ya lazima kuwapeleka watu mashambani. Kwa hiyo mkata mkonge wa Korogwe, ambaye pengine hakuwa ameiona bahari, alikuwa akiitumikia bahari kila alipoinua kisu chake.

Njia ya pili ilikuwa uaskari. Yapata watu 87,000 wa Tanganyika waliingia jeshini katika vita ile. Wengi walikuwa wa Keya, yaani jeshi la King's African Rifles. Wengine walikuwa madereva, wauguzi, wajenzi wa njia na wapiga mizinga. Walipigana Uhabeshi, wakapelekwa Madagaska mwaka 1942, na baadaye Burma. Reli iliyopita Korogwe kuelekea Moshi iliungana na ile ya Voi, na kutoka Voi ilishuka mpaka Mombasa. Hivyo mtu aliyepanda gari la moshi mbele ya milima ya Usambara aliweza kuteremka Kilindini bila kuvua viatu.

Sasa na tumtazame afisa. Francis Anthony Blair Fasson alizaliwa mwaka 1913 huko Jedburgh katika Uskoti. Mwaka 1942 alikuwa afisa wa kwanza chini ya kepteni katika Petard, manowari mpya iliyowinda nyambizi katika Bahari ya Kati. Tarehe 30 Oktoba 1942 Petard na wenzake waliigundua nyambizi ya Kijerumani U-559 kaskazini ya delta ya Nile. Waliiandama kwa saa nyingi, wakiitupia mabomu ya kulipuka majini, mpaka usiku ikalazimika kuibuka juu. Mabaharia wake wakafungua milango ya kuingiza maji ili izame, kisha wakajitupa baharini.

Fasson alivua nguo akaogelea kuifuata, pamoja na baharia Colin Grazier, kijana wa miaka 22. Akawafuata kijana mwingine, Tommy Brown, mtumishi wa duka la meli, mwenye miaka 16. Fasson na Grazier waliteremka ndani ya nyambizi iliyokuwa ikijaa maji, katika giza, wakakusanya vitabu vya siri na kumpa Brown, naye akapanda ngazi na kuwapitishia wenzake waliokuwa mashuani. Haraka ilikuwa ya lazima kwa sababu mbili: chombo kilikuwa kikienda chini, na vitabu vya namna ile vilipigwa chapa kwa wino uyeyukao majini, makusudi visisomwe na mtu mwingine. Brown aliwaita wenzake watoke. Nyambizi ikazama ghafula. Brown alielea, Fasson na Grazier hawakuonekana tena.

Thamani ya vitabu vile ilijulikana Uingereza katika nyumba ya Bletchley Park, walikokaa mabingwa wa kufumbua mafumbo. Tangu Februari 1942 nyambizi za Wajerumani katika Atlantiki zilikuwa zikitumia mashine ya mafumbo iitwayo Enigma yenye gurudumu la nne, na kwa miezi kumi mabingwa hao walikuwa kama watu waliofumbwa macho. Vitabu viliwafikia tarehe 24 Novemba. Kufikia tarehe 13 Desemba walikwisha kuanza tena kusoma habari za adui. Nyambizi zilipojulikana zilipo, misafara ya meli iliweza kuepushwa. Wangapi waliokoka kwa vitabu vya watu wawili waliozama, hesabu haiwezekani. Lakini kwamba waliokoka wengi ni jambo lisilo na ubishi.

Fasson na Grazier walipewa Nishani ya George, msalaba wa ushujaa, mwaka 1943. Lakini sababu kamili ya ushujaa ilifichwa, kwa kuwa adui angalijua kwamba mafumbo yake yamefumbuliwa angaliyabadili. Siri ile ya kufumbua mafumbo haikuanza kutolewa hadharani mpaka miaka ya 1970. Basi kwa miaka thelathini jamaa zao walijua kwamba wana wao walikuwa mashujaa, bila kujua kwa nini hasa. Hata siri ilipofunguka, jina halikusalimika na wanyang'anyi: mwaka 2000 ilitoka filamu ya Kimarekani, U-571, iliyowaonyesha Wamarekani ndio walioiteka mashine ya nyambizi, na Waingereza wakalalamika mpaka Bungeni. Mwaka 2002 mji wa Tamworth, alikotoka Grazier, ulisimamisha ukumbusho wa nanga tatu, moja kwa kila mmoja wa watu wale watatu. Funzo lipo hapa. Ukimya wa miaka thelathini haukulifuta jina, kwa sababu palikuwa na watu walioliandika na wengine walioliulizia. Tena tendo lisilo na mlinzi huokotwa na apitaye.

Petard iliendelea na kazi. Tarehe 15 Desemba 1942, ikishirikiana na manowari ya Kigiriki, iliiangamiza nyambizi ya Kitaliano Uarsciek karibu na Malta. Jina hilo si geni kwa watu wa Afrika Mashariki: ni Warsheikh, mji wa pwani ya Wasomali kaskazini ya Mogadishu, ulioandikwa kwa tahajia ya Kitaliano. Nahodha wake, Gaetano Arezzo della Targia, alikufa siku ile. Mwambao wa Afrika ulikuwa umeandikwa ubavuni mwa chombo cha vita, na wenyeji wake hawakuulizwa.

Mwanzoni mwa mwaka 1944 Petard ilikuwa Bahari ya Hindi. Mwezi wa Februari msafara uliopewa alama KR 8 uling'oa nanga Kilindini kwenda Colombo, katika kisiwa cha Ceylon, kiitwacho Sri Lanka tangu mwaka 1972. Ulikuwa na meli tano za kuchukua askari, zikilindwa na manowari kubwa Hawkins na manowari ndogo Petard na Paladin. Moja ya meli tano iliitwa Khedive Ismail, kwa jina la mtawala wa Misri ambaye mwaka 1875 alituma majeshi yake Barawa na Kismayu kuzitwaa kutoka kwa Sultani Barghash wa Unguja. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa kupita yote lilikuwa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, watu 996, Waafrika na maafisa wao. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza, wauguzi na wanawake wengine wa jeshi zaidi ya 80, na mwandishi wa habari za vita Kenneth Gandar-Dower, aliyekuwa amewaandika askari wa Afrika Mashariki katika vita ya Madagaska.

Jumamosi tarehe 12 Februari, baada ya saa nane mchana, msafara ulikuwa ukipita karibu na visiwa vya Maldivi. Watu wengi walikuwa wamekusanyika ukumbini kusikiliza muziki, na wengine walikuwa chini katika vyumba vyao. Nyambizi ya Kijapani I-27, chini ya Kamanda Fukumura Toshiaki, ilikuwa ikivizia. Topido mbili ziliipiga Khedive Ismail. Meli ikavunjika na kuzama kwa muda wa dakika mbili au tatu. Walio chini hawakuwa na muda wa kupanda ngazi. Katika watu wote walisalimika wanaume 208 na wanawake 6. Waliokufa walikuwa 1,297, na wengi kupita wote katika hao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Kilichofuata ndicho kizito kupita yote katika habari hii. I-27 ilijificha chini ya mahali walipokuwa wakielea walionusurika. Paladin ilikuwa imeshusha mashua kuwaokoa. Petard, ambayo nahodha wake sasa alikuwa Rupert Egan, ilikuwa na meli nyingine nne za askari za kulinda, na nyambizi hai chini ya maji. Egan aliamuru mabomu ya majini yatupwe, na kishindo chake kiliwafikia waliokuwa wakisubiri kuokolewa. Nyambizi ikaibuka. Paladin ilitaka kuigonga, ikaumia yenyewe ubavuni. Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine. Sita hazikufanya kazi, ya saba ikaipasua. Katika mabaharia wake, yapata mia moja, aliokolewa mmoja tu. Fukumura akabaki kilindini, afisa wa pili katika habari hii kufia ndani ya nyambizi, si mbali na watu aliowazamisha.

Kuna watu wamlaumuo Egan, na kuna wamteteao. Amlaumuye husema kwamba aliye majini amekwisha kutoka vitani, na hana haki ya kupigwa na rafiki yake. Amteteaye husema kwamba maelfu waliokuwa katika meli nne nao walikuwa na haki ya kuishi. Hoja zote mbili zina uzito, na haifai kwa mtu aliyekaa kitini, kalamu mkononi, kuipima mizani ile kwa wepesi. Lakini jambo moja laweza kusemwa pasipo shaka. Uamuzi ulipokuwa mgumu hivyo, deni la kuwakumbuka waliolipishwa gharama yake lazidi kuwa kubwa. Fasson aliingia nyambizini kwa hiari yake, akijua afanyalo. Mpiga mizinga alikuwa abiria tu katika vita iliyoanzishwa na wengine, na wengi wa wenzake waliingia jeshini kwa kushurutishwa au kwa kukosa mshahara mwingine. Tofauti hii haimpunguzii Fasson ushujaa wake. Humwongezea mwingine haki ya kuulizwa habari zake.

Mila za watu wa Handeni na Korogwe, kama mila za Waswahili kwa jumla, hazikuwa tupu mbele ya kifo cha namna hii. Uislamu humhesabu aliyekufa maji kuwa shahidi, na katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani na bara yake, maiti asiyekuwapo huweza kusaliwa sala ya ghaibu. Wakristo nao huwa na ibada za wafu walio mbali. Matanga huweza kukaliwa bila jeneza. Hata hivyo msiba usio na mwili una taabu yake. Mjane hajui aanze lini kuhesabu eda. Ndugu hawajui kama yafaa kugawa urithi au kungoja. Mama akisikia gari la moshi usiku huinua kichwa. Kifo chenye kaburi kina mwisho wa kilio. Kifo chenye barua tu, tena barua iliyoandikwa kwa lugha ya ofisi, huacha mlango wazi.

Ni kweli kwamba dola iliyowapeleka haikuwaacha kabisa pasipo alama. Katika makaburi ya vita ya Nairobi uko ukumbusho wa Afrika Mashariki kwa wasiokuwa na kaburi lijulikanalo, nao huwataja waliokufa katika Khedive Ismail. Hilo ni jema. Lakini ukumbusho ulio Nairobi ni mbali na mtu wa Mkata, wa Kwamsisi au wa Mombo, na jiwe halisimulii. Jiwe hushika jina. Mtu ndiye ajuaye kwamba mwenye jina alikuwa mpiga ngoma, au alioa mwaka uliotangulia, au alimwachia mdogo wake baiskeli. Shaaban Robert, mwana wa mkoa huu wa Tanga, aliitungia vita ile utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru, uliochapishwa mwaka 1967, ishara kwamba mwandishi wa Kiswahili hakuiona kuwa vita ya wageni peke yao. Kazi aliyoianza kwa mataifa na majeshi yabaki kufanywa kwa vijiji na koo.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii hutumiwa katika mirathi na katika baraza, kumwonya mtu asikose kikao. Lakini ikipelekwa mbele ya waliozama, huwa hukumu ya kikatili, kwa sababu wao hawawezi kuja kikaoni. Kwao methali hugeuka kuwa amri juu ya walio hai: awepo wa kusema kwa niaba yao. Wasomi wa Uingereza walimsemea Fasson baada ya ukimya wa miaka thelathini. Ukimya uliowafunika wapiga mizinga ni mrefu zaidi, lakini si wa namna nyingine. Wote ni ukimya wa kutoulizwa.

Kazi yenyewe si kubwa kwa mwalimu wa historia wa Handeni au Korogwe. Wajukuu wa askari wa vita ile wangali hai, na katika nyumba nyingi jina la babu amepewa mjukuu. Mwanafunzi aweza kumwuliza bibi yake jina hilo lilitoka kwa nani, mwenye jina la kwanza alikwenda wapi, na kama alirudi. Mara nyingine jibu litakuwa Burma, mara nyingine Uhabeshi, mara nyingine shamba la mkonge lililo ng'ambo ya mto. Na pengine bibi atajibu kwamba huyo alipanda gari la moshi akaenda Kilindini, hakuonekana tena. Hapo mwanafunzi na aandike jina, na kijiji, na mwaka.